Shikamoo ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, nyumbu walipokuwa bado hawajajua kujifunga kanga... Sogeeni karibu. Na wewe uliyeshika mlango, ingia au toka, upepo unanizimia jiko. Mvua hiyo inakuja, nami nataka nimalize kabla bati halijaanza kupiga kelele.

Katika Bonde la Migungani palikuwa na chuo cha kufundisha utabibu wa wanyama. Watoto wa kila aina walisoma pale, wa manyoya, wa magamba, wa mbawa. Lakini walimu? Walimu walikuwa wenye pembe watupu! Mkuu wa chuo alikuwa Mzee Nyati. Mwalimu wa upasuaji alikuwa Mzee Kifaru. Mwalimu wa dawa alikuwa Bi. Nyumbu. Na kwa kuwa wenyewe walikuwa na kwato, walifundisha kwato. Kwato asubuhi, kwato mchana, mpaka wanafunzi wakaota kwato usingizini.

Siku moja akaletwa Kasuku amevunjika bawa, analia kwee, kwee, kwee!

"Kwato zake ziko wapi?" akauliza Nyati.

"Hana kwato, mzee."

"Basi huyo si mgonjwa. Mwingine!"

Msicheke. Kasuku yule alikaa na maumivu yake mpaka Tembo alipopata habari. Tembo ndiye aliyekuwa mwenye bonde na chemchemi yake, na alikasirika sana. Akaamuru aajiriwe mwalimu asiye na pembe wala kwato. Ndipo akaajiriwa Nguchiro.

Nguchiro mnamjua. Kamnyama kadogo, karefu, kenye mkia, kasikotulia. Hata akisimama, miguu yake inacheza tapu tapu tapu. Alijua kufunga bawa, kuziba gamba lililopasuka na kutoa mwiba kwenye unyayo. Siku ya kwanza tu alimtibu Kasuku, na Kasuku akaruka.

Je, wenzake walifurahi? Thubutu!

Walimwambia hakuna darasa, akafundishe nje kando ya jalala, juani. Saa ya chai vikombe viliwekwa kwenye meza yenye miguu mirefu, na Nguchiro akiruka hafiki. "Ukitaka chai, refuka!" akasema Kifaru. Basi Nguchiro alikaa chini ya meza akilamba yaliyomwagika.

Na kila asubuhi alisimama mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee Nyati!"

Kimya.

"Shikamoo, Mzee Kifaru! Shikamoo, Bi. Nyumbu!"

Kimya.

Nyumbani mkewe alimuuliza, "Baba watoto, wanakuitikia sasa?"

"Bado. Masikio yao yako juu mno, mama watoto. Sauti yangu haifiki."

"Si urudi tuwinde panzi wetu kwa raha?"

"Nikirudi, nani atafunga mabawa?"

Kesho yake akasalimu kwa sauti kubwa zaidi. Mishipa ya shingo ikamtoka, sauti ikamkauka. Kimya vilevile.

Sasa, kila mwaka Tembo alikuja kukagua. Aliuliza swali lilelile: "Mnaishije na msiofanana nao?" Na wenye pembe walijibu kwa pamoja, "Tunapendana sana, mzee! Sisi ni ndugu!" Tembo alikunywa chai, akaenda zake.

Mwaka huo habari zikaja kwamba Tembo atafika kesho, saa ya chai. Nyati akawaita wenzake chemba. Walikaa mezani wakanong'ona. Walisahau nani yuko chini ya meza.

"Kesho tumkalishe yule mdogo kiti cha mbele," akasema Nyati. "Tembo akimwona ataridhika."

"Na keshokutwa?" akauliza Kifaru.

"Keshokutwa aende kwao. Chuo hiki ni cha wenye pembe."

"Na wagonjwa wake?" akauliza Bi. Nyumbu.

"Wakaote kwato kwanza," akasema Nyati, na wote wakacheka.

Chini ya meza, Nguchiro aliacha kulamba. Kibarua kinaota nyasi hivihivi anasikia! Akawafikiria vifaranga, vinyonga na vitoto vya popo waliolala kwenye kibanda chake wakingoja dawa. Nani atawapokea? Akaingiwa na uchungu, kisha hasira, kisha miguu ikaanza tapu tapu tapu. Miguu yake ikicheza namna hiyo, jueni kuna jambo.

Jioni ileile akamfuata Nyati mtoni.

"Mzee, mzee! Habari mbaya! Tembo anakuja kupunguza wenye pembe. Anasema wamezidi!"

"Ati nini?"

"Wa kwanza ni mkuu wa chuo. Lakini mimi nimeona njia. Kesho uwe kiboko."

"Kiboko? Mimi?"

"Mwili unao, tumbo unalo. Pembe tu ndizo zinazokusaliti. Zifunge kwa majani ya mgomba, ujipake tope. Ila usimwambie mtu! Mkija viboko watatu atashtuka."

Nyati akazitazama pembe zake majini. "Na akiniuliza swali?"

"Lalamika, mzee. Asiye na pembe akisifia chuo hiki, nani atamwamini?"

Kutoka hapo mbio, tiri tiri tiri, mpaka kwa Kifaru. Maneno yaleyale. Kifaru akaambiwa awe kobe.

"Kobe? Na ukubwa huu?"

"Sema wewe ndiye babu wa ukoo."

Kutoka hapo mbio tena, mpaka kwa Bi. Nyumbu. Yeye akaambiwa awe mbuni, afunge kanga kichwani, abandike manyoya mkiani. "Na kanga itakupendeza, mama," akasema Nguchiro. Bi. Nyumbu akakubali kabla hajamaliza.

Kesho yake saa ya chai, wa kwanza kuingia alikuwa "kiboko", tope linamchuruzika chwaa, chwaa. Akakaa kwenye kiti cha mkuu, maana ndiko alikozoea. Akaingia "kobe", amebeba tenga kubwa mgongoni, pua ameiingiza kwenye kibuyu.

"We kiboko!" akafoka kobe. "Toka kwenye kiti cha mkuu! Unanuka matope!"

"Na wewe kobe nani kakuruhusu humu? Nje! Kando ya jalala ndiko kwenu!"

Kisha kila mmoja akakumbuka yeye ni nani siku hiyo, akanywea. Akaingia "mbuni" na kanga yake. Hakuna aliyemsalimu. Hakuna aliyemsogezea kikombe. Wakaketi watatu hao wakitazamana kwa wasiwasi, kila mmoja akijiuliza wenzake wenye pembe wamekimbilia wapi.

Nguchiro alikuwa kwenye kiti cha mbele, hatulii, anapanda anashuka.

"Hodi!" Ardhi ikatikisika. Tembo!

Tembo akaangaza chumba kizima. "Wenye pembe wako wapi leo?"

"Wamepata udhuru, mzee," akasema Nguchiro. "Hawa ni wenzangu wasio na pembe."

"Afadhali!" akasema Tembo. "Miaka yote nawauliza wenye viti. Leo nitawauliza wengine. Semeni msiogope. Mnaishije hapa? Anza wewe kiboko."

Kiboko akakohoa. Alijua lazima alalamike. Lakini alalamike nini? Akatafuta kichwani, akakuta yote yamo, tayari kabisa.

"Ch... chai hatupewi, mzee. Meza ile ilikuwa fupi. Ilirefushwa miguu makusudi tusifike."

Masikio ya Nguchiro yakasimama. Hilo hakulijua. Alidhani meza ilizaliwa ndefu.

"Endelea wewe kobe."

"Tunafundishia jalalani!" akasema kobe, na mwenyewe sasa amepandwa na jazba. "Na darasa lipo, mzee! Lile la upande wa chemchemi, lenye kivuli. Limefungwa, halina mtu. Ufunguo uko nyuma ya mtungi!"

Miguu ya Nguchiro ikapunguza kucheza. Vifaranga wake walikuwa wakizimia kwa jua kila mchana.

"Na wewe mbuni?"

Mbuni akaanza kulia, kwi, kwi, kwi, machozi yanalowesha kanga. "Salamu, mzee. Kinachoniuma ni salamu. Tunaamkia kila asubuhi. Nao wanasikia, wanasikia vizuri sana! Walikubaliana wasiitikie. Tukishapita wanaigiza ile sauti, wanacheka mpaka wanashika mbavu."



Na Nguchiro, wanangu, miguu yake ikatulia. Ndiyo, ikatulia tuli, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alikuwa amepanga kuwacheka siku hiyo. Kicheko hakikuja. Aliwaza asubuhi zote zile alizopiga kelele mpaka koo likawaka, akimwambia mkewe kwamba masikio yako juu. Iliuma. Iliuma kuliko jua na kuliko kiu.

Akashuka kitini. Akaenda mpaka miguuni mwa kiboko, akasema kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, hata wewe uliyekaa hapo mbele usingeisikia:

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba!" akaropoka kiboko kwa hofu.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Mara..." Kibuyu kikadondoka, puu! Pembe hiyo!

"Shikamoo, Bi. Nyumbu."

"Marahaba, mwanangu," akasema mbuni kwa kwikwi, na kanga ikamteleza kichwani.

Nyati akasimama akimbie, majani ya mgomba yakachanika parararaa! Mlango ukamshinda, maana Tembo alikuwa ameuziba wote.

"Kaeni," akasema Tembo. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Nguchiro, umenidanganya?"

"Nimekudanganya kuhusu majina, mzee. Hayo mengine wamesema wenyewe."

"Mzee," akaanza Nyati, "sisi kwa kweli hatukujua kama anaumia..."

"Hamkujua?" Nguchiro akamtazama. "Umeulizwa kinachoniuma, hukufikiria hata kidogo. Mngekuwa hamjui, mngekosea japo kimoja. Hamkukosea hata kimoja."



Tembo hakuondoka mpaka meza imekatwa miguu, kra kra kra. Kifaru mwenyewe aliufuata ufunguo nyuma ya mtungi akafungua lile darasa, na Nguchiro akahamishia humo wagonjwa wake wote, hata wale popo, wakaning'inia kivulini. Ukuu wa chuo Tembo akamvua Nyati, akamwambia atafundisha kando ya jalala mpaka ajue kufunga bawa, na mwalimu wake atakuwa Nguchiro.

Nyati akaenda, tope limemkauka mwilini. Asubuhi iliyofuata Nguchiro alisimama mlangoni kama kawaida. Kabla hajafungua mdomo, sauti tatu nzito zikamwahi:

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

Nguchiro hakujibu. Alihesabu kidogo moyoni, nao waonje kutoitikiwa. Kisha akasema, "Nzuri," na miguu yake ikaanza tena tapu tapu tapu.

Basi shikeni hili: anayeweza kutaja kila kinachomuumiza mwenzake asiseme kamwe kwamba hakujua.

Haya, mvua hiyo imefika. Hadithi yangu naikunja pamoja na mkeka. Leteni vikombe, na leo tuanze kumimina kwa mdogo kuliko wote.