Chungu cha Klorini

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa wivu, ukakosa pa kulala.

Hapo zamani za kale, atomi zilipokuwa zikisema, palikuwa na Klorini, mpweke asiye na wa kumshika mkono. Siku moja Haidrojeni wawili walioana, bwana na bibi. Desturi ya kule ni kwamba wawili wakishikana mikono, joto huwatoka, na wageni hulikinga kwa vyungu wakaenda nalo kwao. Klorini alichelewa. Chungu chake kikabaki kitupu, baridi kama pua ya mbwa.

Akawatazama maharusi walivyokumbatiana, wametulia tuli. Moyo ukamchoma.

"Wageni wameambulia makombo," akasema. "Joto lenyewe wamelificha kifuani. Nikiwatenganisha, litanimwagikia lote."

Akaenda kwa Kinyonga, karani wa ndoa na talaka. Kinyonga akamtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa bado kwenye chakula cha mchana.

"Mwenye kuvunja huja na joto lake," akasema.

"Nije nalo? Mimi nakwenda kulichukua."

"Ndugu yangu, vifuani mwao hamna kitu. Lilitoka palepale harusini. Ukitaka waachane, lazima ulirudishe."

"Sema tu kwamba nawe unalitaka."

Klorini akaenda kuomba joto kwa Jua, akapewa. Akawavuta maharusi, hawakuachana, joto likampungua. Akawavuta tena; hawakuachana, joto likampungua. Akawavuta mara ya tatu. Wakaachana, joto likamwishia. Akakinga chungu. Hakikuingia kitu.

"Mmelificha wapi?" akauliza, meno yakigongana.

"Lipi, jirani?" akajibu Bi Haidrojeni, naye akitetemeka. "Tulitulia kwa sababu tulikwisha kulitoa."

Kwa baridi ile akamshika Klorini mkono. Papo hapo joto likawatoka, likaingia chunguni, karibu sawa na lile alilotumia.

"Pungufu kidogo," Klorini akanung'unika.

"Hilo la ofisi," akasema Kinyonga, akafunga dirisha.

Klorini akatulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akajipapasa kifua: hamna kitu. Karani alisema kweli.

Ng'ambo ya uwanja Bwana Haidrojeni alisimama peke yake, akiwatazama.

"Joto lenyewe," akasema polepole, "wamelificha kifuani."

Klorini akafungua mdomo amweleze. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyomsikiliza karani, akaufumba, akaukaza mkono wa mkewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesikia baridi asogee motoni, jirani amwache.