Mabunda ya Marehemu Babu Fisi

Hapo zamani za kale, na kale yenyewe si ya mbali maana wanyama walikwisha kuwa na simu, Kiboko aliishi na mkewe na watoto tisa katika kidimbwi kimoja. Kaeni vizuri. Nani anatafuna? Meza kwanza.

Kidimbwi kile ndicho kilikuwa mali yao yote. Kiboko bila maji ngozi hupasuka, hilo hata nyinyi mnalijua.

Siku moja, ting'! Simu ya Kiboko ikalia. Ulikuwa mnada wa simuni, ule wa kupandishiana dau mpaka saa ya kufunga. Fisi alikuwa ameweka picha ya bunda la sarafu. Sarafu arobaini zimepangwa moja juu ya nyingine, zimeviringishwa karatasi ngumu, inaonekana ya kwanza na ya mwisho tu. Zote mbili za fedha, za kale, zinameremeta. Chini ameandika: "Bunda la marehemu babu yangu. Limekutwa uvunguni, halijafunguliwa tangu enzi zake. Huenda zote ni za fedha, mimi sijui. Likishauzwa halirudishwi."

Pimbi, anayekaa kwenye mawe juu ya kidimbwi, alikuwa ameshuka kunywa maji. Mnamjua Pimbi, mdogo, hata ukimkanyaga hujui.

"Jirani," Kiboko akamwita, "nitazame vizuri. Unamwona tajiri."

"Namwona Kiboko."

"Nimeweka dau. Fisi anataka kidimbwi, nimempa kidimbwi. Mnada unafungwa kesho saa sita mchana, na hakuna aliyenipita."

"Ebo! Na watoto tisa watalala wapi?"

"Nitanunua ziwa."

Pimbi akaiomba simu, akasoma tangazo mara mbili.

"Jirani, sarafu za katikati umeziona?"

"Nimeona ya kwanza na ya mwisho. Za katikati zitakuwaje tofauti?"

"Umewahi kununua gunia la mkaa?"

"Nimewahi."

"Juu palikuwaje?"

"Mapande makubwa, mazuri."

"Na chini?"

"Chini vumbi. Lakini yule alikuwa muuza mkaa. Huyu amefiwa."

Pimbi akapekua matangazo mengine ya Fisi. Ukihesabu na lile, akakuta mabunda saba, na kila moja lina babu yake aliyekufa.

"Huyu bwana amefiwa na babu saba mwezi mmoja."

"Maskini!" Machozi yakamlengalenga Kiboko.

"Tazama sarafu ya juu. Ina pengo hapa ukingoni. La pili, pengo lile lile. La tatu, lile lile."

"Labda babu zake walikuwa mapacha."

"Kiboko! Ni bunda moja limepigwa picha mara saba! Futa dau lako!"

"Dau halifutwi. Nimeshabonyeza."

Hapo sasa ndipo yakamwingia. Akaketi majini, pwaa! Mkewe alikuwa amesikia yote, akaanza kulia, na watoto wakalia kwa kumwona mama analia. Pimbi akapandwa na hasira kwelikweli. Yeye naye hakuwa na maji mengine ya kunywa.

Akapanda juu ya mawe, akampigia simu shangazi yake Fisi, anayekaa ng'ambo ya mlima.

"Shikamoo, Shangazi. Poleni kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wa baba yenu. Mjukuu wake ametangaza. Kaacha mabunda saba ya fedha, yanauzwa kesho saa sita. Nikasema, kumbe mirathi mmeshagawana."



"Saa sita, eh?"

"Saa sita kamili, Shangazi."

Ka! Simu ikakatwa.

Kesho yake saa sita kasorobo, Fisi amekaa barazani, simu mkononi, anasubiri kidimbwi chake. Mara, "Uwiii! Baba weee!" Ukoo mzima wa mafisi unaingia uani, shangazi mbele. Nyuma kabisa wamo Kiboko na Pimbi, wamekuja kuhani kama majirani wema.

"Shikamoo, Shangazi..."

"Shikamoo yako kaa nayo! Baba yangu amekufa nasikia kwa Pimbi?"

Fisi akamwona Kiboko anasikiliza. Akisema babu yu hai, mnada umevunjika. Akisema amekufa, huyu hapa shangazi na meno yake.

"Amekufa," akasema kwa sauti ndogo. "Ghafla."

"Basi mali ya marehemu haiuzwi kabla ya warithi kugawana. Lete mabunda."

"Yakifunguliwa yanashuka thamani, Shangazi!"

"Fungua."

"Ni kumbukumbu ya babu!"

"Nifungue mimi?"

Fisi akaleta bunda. Moja. Shangazi akalitia meno, kraa! Ikatoka sarafu ya fedha, yenye pengo. Kikafuata kizibo cha soda. Na kizibo. Na kizibo. Vizibo thelathini na vinane, mpaka sarafu ya mwisho, nayo ya fedha.

"Na mabunda mengine sita?"

"Ndiyo hili hili, Shangazi."

"Futa matangazo yote."

Fisi akafuta. Zilibaki dakika nne.

Kiboko akamwinamia Pimbi. "Jirani, kwa hiyo mimi si tajiri?"

"Una kidimbwi, jirani. Ukirudi nyumbani leo utakikuta."

Kiboko akashusha pumzi, vumbi likatimka ua mzima.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akaingia mzee mmoja, mguu mmoja anauburuta, anavuta harufu huku na huku. Alikuwa Babu Fisi mwenyewe.

"Nimesikia kuna matanga. Chakula bado hakijapakuliwa?"

Akazunguka ua mzima akitafuta sufuria.

"Kwani nani amekufa?"

"Wewe, Baba," shangazi akasema.

Mzee akafikiri. "Nimeacha kitu?"

Shangazi akamwekea kizibo kimoja mkononi. Mzee akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakinusa. Kisha akainua kichwa.

"Na aliyeniua ni nani?"

Ukoo mzima ukageuka kumtazama Fisi.

Haya, hadithi yangu imefika ukingoni, nanyi shikeni hili: anayekuonyesha ncha mbili akakuficha katikati, usimpe kidimbwi chako.