Sinia Lililoondolewa Mapema

"Haliondolewi sinia mkono ungalimo." Ndivyo alivyosema babu yenu sasa hivi, nanyi mkaangua kicheko mkidhani ni maneno ya mlafi. Chekeni tu. Mnadhani methali zote zimeachwa na watu wa kale? Hii ina miaka kumi na tisa, na imezaliwa hapa hapa Tanga, mbele ya kompyuta. Chanzo chake ni hiki, na asiyetaka kusikia akaoshe vyombo.

Kombo, kabla hajawa babu wa mtu, alikuwa fundi wa programu katika karakana iliyotengeneza mashine za kuhifadhi picha za eksirei. Ndani ya mfumo wa mashine hizo kulikuwa na sehemu inayopokea picha na kuipeleka kwenye diski. Wenyewe waliiita kiendeshi. Kombo alikiandika kiendeshi hicho peke yake, mstari kwa mstari, kwa miaka tisa, na mtu akikigusa ilikuwa kama kamgusia mke. Nilimwambia hivyo mwenyewe. Akacheka, lakini hakukana.

Basi akaja Mbaruku, fundi mwenzake, mtu wa Lamu. Mpole, anauliza maswali kwa sauti ya chini, hana kosa lolote ila moja: alikuwa hodari. Bwana Masudi, mkuu wa karakana, aliyezoea kuita "Kombo, hebu njoo," akaanza kuita "Mbaruku, hebu njoo." Loo! Wivu ukamwingia Kombo mpaka kwenye mifupa. Akija nyumbani ni Mbaruku kasema hivi, Mbaruku kasifiwa vile, chakula kinapoa. Ikafika mahali mimi nikawa namwonea wivu huyo Mbaruku, maana alitajwa nyumbani mwangu kuliko mimi.

Wakati huo huo mashine za hospitali moja zikaanza vituko. Diski ikijaa, wahudumu waliichomoa na kuweka nyingine huku mashine inaendelea na kazi, na ndivyo ilivyotakiwa. Lakini mara moja kwa siku nyingi, diski ikichomolewa, mashine inakwama. Siku nyingine haikwami, inafanya baya zaidi: inatoa picha ya kifua cha mzee, na juu yake mkono wa mtoto.

Sikilizeni vizuri hapa. Kila diski ilikuwa na nafasi yake katika kumbukumbu ya mashine, ambamo vibarua wa kiendeshi, yaani vijiprogramu vyake vidogo vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, waliandika kazi zao. Diski ikichomolewa, kiendeshi huifuta ile nafasi na kuipa kazi nyingine. Kombo hakuwa mzembe. Alikiagiza kitazame kwanza kama kuna kibarua ndani, kisha kingoje sekunde moja, kisha kifute. Hitilafu ilipozidi, akafanya sekunde mbili. Ikarudi, akafanya tano. Kwa muda inatulia, naye anatamba, "Si nimewaambia kiendeshi changu hakina neno?"

Alhamisi Bwana Masudi akamwita. "Hospitali imetupa mpaka Jumatatu, la sivyo wanarudisha mashine zote. Mpe Mbaruku kiendeshi akitazame. Atakayelitibu kosa hili ndiye atakayekishika tangu sasa."

Kombo alihisi kama kavuliwa nguo sokoni. Akampa Mbaruku kiendeshi, ndiyo, angefanyaje? Ila alikuwa na daftari alimoandika, kwa miaka, kila hitilafu ilipotokea na nani alikuwa akifanya nini. Bila daftari lile Mbaruku angepapasa gizani. Kombo akalifungia kwenye droo, ufunguo akautia mfukoni, akasema moyoni, "Na tuone huo uhodari wake."

Ijumaa ikafika. Karakana ile ilikuwa na desturi: wakitoka msikitini, wanaume wa ofisi hukaa mkekani wakala pilau na mchuzi katika sinia moja. Kila anayetia mkono husema bismillahi, na aliyeshiba husema alhamdulillahi. Mkongwe wa kazi ndiye mwenye heshima ya kuondoa sinia, naye haligusi mpaka awe amesikia alhamdulillahi ya kila mtu. Mkongwe alikuwa Kombo.

Siku hiyo Mbaruku na Bwana Masudi walikula wakizungumza habari za kiendeshi, wakicheka kwa jambo fulani, na Kombo hakuulizwa hata neno. Simu ya Mbaruku ikalia, akasogea pembeni kuipokea. Kombo akatazama siniani, hakuna mkono. Akangoja kidogo. Akageuka kuchukua kitambaa, akarudi akalinyanyua sinia kwa hasira. Kumbe Mbaruku ameshamaliza simu na mkono umo ndani ya pilau. Sinia likainama, na mchuzi wote ukamwagikia kanzu nyeupe ya Bwana Masudi.

"Taratibu, kaka Kombo! Mkono wangu umo!"

"Nimetazama! Hapakuwa na mkono!"

"Umetazama, kisha ukageuka. Mimi nikarudi."

"Na nimengoja pia!"

Bwana Masudi alikuwa akijifuta kanzu. "Kwani shibe inapimwa kwa saa, Kombo? Umemsikia kusema alhamdulillahi?"

"Sikumsikia."

"Basi sinia unaliondolea nini?"

Kombo akabaki amesimama na sinia mkononi. Nimetazama, nimengoja, nimeondoa. Ilikuwa ndiyo mistari mitatu ya kiendeshi chake! Kati ya kutazama na kufuta, kibarua mwingine huingia. Au yumo kibarua mzito, hajamaliza, sekunde tano zimekwisha. Nafasi inafutwa, wanapewa wengine, naye bado anaandika humo humo, juu ya kazi za watu.

Hakuna mwingine aliyeliona. Kombo alijua kuwa akinyamaza tu mpaka Jumatatu, Mbaruku ataumbuka, kisha yeye atakuja na dawa yake, mshindi. Ameniambia mwenyewe kwamba wazo hilo lilikuwa tamu, na haya anayo mpaka leo. Lakini akaukumbuka ule mkono wa mtoto juu ya kifua cha mzee. Je, daktari akiiamini picha kama ile? Akaliweka sinia chini, akanawa, akaenda kufungua droo.

"Mbaruku, ndugu yangu," akasema, "daftari hili nilikuficha."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Mbaruku akalipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado una pilau. "Nilijua kuna kitu. Mtu gani anafunga droo mara saba kwa siku? Lakini nami nikuambie. Tangu nije nakuonea wivu wewe. Wewe una kitu ulichokiandika mwenyewe tangu mwanzo. Mimi maisha yangu yote narekebisha vya watu."

Kombo akamweleza alichokiona siniani, wakakaa kazini pamoja, mchana ule na Jumamosi na Jumapili. Sekunde zote za kungoja wakazitoa. Kila kibarua anayeingia katika nafasi ya diski akatakiwa aandikishe bismillahi yake, na anayetoka aandikishe alhamdulillahi. Diski ikichomolewa, kwanza mlango unafungwa asiingie mwingine. Kisha zinangojwa alhamdulillahi zitimie, hata zikichelewa. Ndipo nafasi inafutwa. Wakaichomoa diski mara mia nne, mpaka vidole vikawauma. Mashine haikukwama, na kila picha ikabaki ya mwenyewe.

Jumatatu hospitali ikaridhika. Kombo akamweleza Bwana Masudi kila kitu, kosa lilikuwa la nani na daftari lilifichwa na nani. Bwana Masudi alikasirika, na alikuwa na haki. "Basi nimekwishaamua," akasema. "Mbaruku, kuanzia leo kiendeshi ni chako. Kombo atatafutiwa kazi nyingine."

Kombo akainamisha kichwa.

Mbaruku akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Haliondolewi sinia mkono ungalimo."

"Una maana gani?"

"Kombo hajasema alhamdulillahi, Bwana Masudi. Nitakula naye, lakini sitakula mahali pake."

Wakakishika wawili, miaka kumi na moja. Wivu haukuisha siku moja, msije mkadanganyana. Mpaka leo Mbaruku akisifiwa mbele yake, babu yenu hukohoa kidogo. Lakini hajamficha tena daftari, na Mbaruku huyo huyo ndiye aliyesimamia harusi ya mama yenu.

Haya, simulizi imekwisha. Nani huyo anakusanya vyombo? Mtazameni babu yenu, bado anakwangua ukoko. Rudisha hapo, mwanangu, na umngoje aseme mwenyewe. Haliondolewi sinia mkono ungalimo.