Kituo cha Kibokoni Kilipohamia Ganjoni

Nyoka akiingia chumbani hapigi hodi, wala hakupi muhula wa kumwendea fundi akuchongee fimbo. Utampiga kwa ile iliyo mkononi, ama atakuuma. Fimbo iliyo mbali, hata iwe ya mpingo iliyotiwa fedha kichwani, kwa saa ile ni sawa na kuni za jirani. Wahenga hawakuhitaji semina wala mshauri wa kulipwa ili walijue hilo. Wanaohitaji kufundishwa ni wakubwa wa leo, ambao wakiiona fimbo mkononi mwa mnyonge huichukua, huisifu, kisha huenda kumhifadhia mbali kwa faida yake mwenyewe.

Kibokoni, mtaa wa kale wa vichochoro vyembamba, palikuwa na nyumba kongwe ya ghorofa mbili ambayo kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kituo cha idara ya ustawi. Watoto wenye ulemavu, wagonjwa wa kifafa, wazee waliopotewa na kumbukumbu, wote walihudumiwa hapo na muuguzi mmoja, Kanze, mwanamke wa Kigiriama mwenye mwili wa kutosha na sauti ya chini. Wenyeji walimwita Bi Kanze. Hawakumpa heshima hiyo kwa cheo. Walimpa kwa kuwa siri ikiingia sikioni mwake ilikuwa imeingia kaburini.

Na siri zilikuwa tele. Katika nyumba zile za ukoo na ukoo, maradhi ya mtoto mmoja huandikiwa wote waliozaliwa naye. Mwenye mtoto wa kifafa huulizwa kimetoka upande gani, wa mama au wa baba, na dada za mgonjwa hukaa hadi mvi zikaota bila mtu kuja kuposa. Kwa hiyo watu waliwapenda wagonjwa wao, wakawalisha, wakawaogesha, na wakawaficha.

Nyumba ya kituo iliwafaa kwa sababu moja ambayo haikuandikwa popote. Ilikuwa na mawikio mawili. Wikio ni kile chumba chembamba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Mwanamke alitoka kwake kama anayekwenda kumjulia hali shoga yake, akapanda ngazi za shoga, akavuka wikio na mgonjwa wake, akawa kwa Bi Kanze. Njiani hakuna aliyemwona. Waliopitia wikio la kusini hawakujua ni kina nani waliopitia la kaskazini, kwani Bi Kanze aliwapangia saa mbalimbali.

Wikio la kusini lilianzia nyumbani kwa Nabiha, mjane wa marehemu Gharib, aliyeishi kwa kutengeneza achari na kuipeleka soko la Marikiti. Alikuwa na mabinti wawili. Suhaila, mkubwa, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Khubaib, na mahari yalikuwa yamekwisha kutajwa. Duha, mdogo, alikuwa na miaka kumi na saba na kifafa tangu utotoni. Kifafa kikimshika hakikumwachia chenyewe. Sharti atiwe shavuni dawa ya kukikata, na dawa hiyo haikuuzwa dukani bila karatasi ya idara. Bi Kanze aliiweka kabatini mwake. Kila kilipotokea, Nabiha aligonga mlango wa wikio mara tatu, na kabla hajamaliza kusoma Ayatul Kursi, Bi Kanze alikuwa amekwisha kufika akihema, sindano isiyo na ncha mkononi.

Duha akizinduka, neno lake la kwanza lilikuwa utani. "Bi Kanze, leo umekimbia kama bata aliyekanyagwa."

"Na wewe umelala kama papa sokoni," Bi Kanze humjibu. "Inuka unywe maji, bibi harusi."

Miaka ilikuwa imekwenda hivyo. Kisha idara ikaamua kujipanga upya.

Walimtuma kwanza binti mmoja, Terry, aje ahesabu watu wanaokitumia kituo. Terry hakuwa na ubaya. Aliwekewa kiti kando ya mlango wa mbele, akakaa siku tatu na kibao chake cha kielektroniki, akibonyeza kwa kila aingiaye. Alihesabu watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa ameingia kuomba maji. Juu ya kichwa chake, siku tatu zilezile, wanawake ishirini na tisa walivuka mawikio na wagonjwa wao. Bi Kanze alimpelekea kahawa, akasimama mlangoni. Angesema nini? Angefichua sitara ya nyumba ishirini na tisa ili aiokoe nyumba moja? Alirudi juu na kikombe kitupu.

Ukaitishwa mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, katika ukumbi wa shule. Mkurugenzi, Bwana Samuel, alikuwa mtu wa tabasamu na suti iliyopigwa pasi ikapigika. "Ndugu zangu," alisema, "hatuvunji kitu. Tunapanga upya. Watoto watakuwa na dirisha lao, watu wazima lao, yote chini ya paa moja jipya kule Ganjoni, na kiyoyozi juu yake."

Salem muuza kahawa alisimama na buli lake. "Bwana mkubwa, kliniki ya wazazi mlituambia mwaipanga upya. Mpaka leo yapangika tu? Na ile maktaba ya watoto? Mimi niliingia pale sina hata ndevu, nikatoka najua kusoma. Siku hizi yauza viatu!"

Ukumbi uliangua kicheko. Bwana Samuel naye alicheka, kwani kicheko cha maskini hakimpunguzii mtu mshahara. Kisha akainua karatasi. "Kumi na mmoja kwa siku tatu, wazee wangu. Lakini mimi ni mtu wa haki. Hapa wamo akina mama. Yupo anayemleta mgonjwa wake pale kituoni? Ainue mkono, na wallahi nitasimamisha jambo hili leo hii."

Nabiha alikuwa safu ya nyuma. Ubavuni pake, bega kwa bega, ameketi Mama Khubaib, mkwe mtarajiwa wa Suhaila. Nabiha aliuona mkono wake mwenyewe juu ya paja, akauamuru uinuke. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akiuinua, Duha amepona na Suhaila ameharibikiwa. Asipouinua... Alimtazama Bi Kanze, aliyesimama ukutani pamoja na wafanyakazi wengine. Bi Kanze alikuwa akiitazama sakafu. Mkono ulinyanyuka ndani ya buibui kadiri ya shibiri moja, ukaanguka.

"Basi," alisema Bwana Samuel kwa upole. "Takwimu hazina fitina."

Baada ya mwezi kituo kilifungwa, na Bi Kanze akahamishiwa Ganjoni, upande wa pili wa mji.

Nabiha alimpakia Duha kwenye tuktuk akaenda kuitafuta dawa huko. Paa lilikuwa jipya kweli, na ukuta wa mbele ulikuwa kioo kitupu, kiasi kwamba apitaye barabarani angeweza kuhesabu viraka vya walioketi ndani. Kipaza sauti kikaita: "Duha, kifafa, dirisha la kwanza!" Watu wakageuka. Nabiha alivuta ushungi, akamshika bintiye mkono, akaenda.

"Huyu alitimiza miaka kumi na minane wiki jana," alisema mhudumu wa dirisha la watoto. "Si wetu tena. Dirisha la pili."

Kwenye dirisha la pili, la watu wazima, mhudumu alitafuta kwenye kompyuta. "Mama, jina lake hatunalo. Faili bado liko kwa watoto. Likihamishwa tutakupigia."

"Faili liko hapo, mwanangu, hatua nne kutoka hapo ulipokaa. Mimi naliona."

"Nami naliona, mama. Lakini halijahamishwa."

Bi Kanze alipewa kazi ya kupima watu shinikizo la damu chumba cha ndani, na dawa hakuweza kuitoa bila saini ya dirisha. Alimpigania Nabiha kwa barua mbili, akajibiwa kwamba asivuke mipaka ya kitengo chake. "Bi Nabiha, nisubiri wiki moja," alimwambia, macho yamemwiva. Wiki ikawa tano. Simu haikupigwa.

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Duha alikuwa akimenya maembe ya achari. Kisu kikamponyoka, shingo ikapinda, akaanguka. Nabiha alikwenda mbio kwenye mlango wa wikio, akagonga mara tatu kabla hajakumbuka kwamba upande wa pili hapana mtu.

Akashika simu. "Karibu," ilisema sauti tamu ya mashine. "Kwa huduma za watoto, bonyeza moja. Kwa huduma za watu wazima, bonyeza mbili." Alibonyeza moja. Aliulizwa umri wa mgonjwa, akaambiwa huyo si wao, akahamishwa, akaimbiwa muziki. Suhaila naye alimpigia Bi Kanze kwenye simu yake mwenyewe, lakini chini ya utaratibu mpya simu za wafanyakazi zilifungiwa drooni saa za kazi. Duha alikuwa akitikisika, povu jekundu midomoni. Nabiha hata wakati huo hakuchungulia dirishani kuita watu. Mazoea ya miaka kumi na minane yalimzuia. Ni Suhaila aliyefungua dirisha, huyohuyo aliyekuwa akikingwa, akapiga ukelele uliosikika mpaka barazani: "Jamani, ndugu yangu afa! Ana kifafa, ndugu yangu afa!"

Salem na wenzake walipanda. Walimshusha Duha kwenye godoro, kwa ngazi ile ya kupita mtu mmoja mmoja, wakigonga kuta. Gari halikuweza kuingia kichochoroni, kwa hiyo ikawa ni kumbeba hadi barabara ya Ndia Kuu.

Kule Ganjoni, simu ya Nabiha ilipomfikia mtu hatimaye, mpokea simu aliuliza kwa sauti, "Nani anamjua mtu aitwaye Duha?" Bi Kanze alisikia. Hakungoja saini. Alivunja kufuli ya jokofu la dawa kwa mguu wa kiti, akachukua dawa, akadaka tuktuk. Karibu na Marikiti mikokoteni ya viazi ilikuwa imeziba njia, akateremka, akakimbia na mwili wake ule, kiatu kimoja kimebaki nyuma, watu wakimcheka.

Alikutana na godoro kwenye mdomo wa kichochoro. Alipiga magoti, akamfungua Duha kinywa, akamtilia dawa shavuni. Dawa ilitiririka ikatoka kama ilivyoingia. Bi Kanze aliweka vidole shingoni mwa msichana. Aliviacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajiwa.

"Nimekimbia, Duha," alisema. "Nicheke basi."

Siku ya tatu ya matanga, Mama Khubaib alimwendea Nabiha akaketi chini mkekani. Nabiha alidhani amekuja kuivunja posa, akajiandaa kumjibu kwa adabu. Lakini Mama Khubaib alikuwa akilia kilio kisicho cha rambirambi.

"Mamangu yu ndani mwaka wa nne," alisema. "Hanijui. Huvua nguo mbele za watu, hula sabuni. Nilikuwa nikimpitisha wikio la kaskazini kila Jumatatu. Nikaogopa mtasema wazimu uko kwetu, mtamkatalia mwanangu. Siku ile ya mkutano niliuona mkono wako ukinyanyuka. Nikasema moyoni, akiuinua wake, nami nitauinua wangu."

Nabiha alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Na mimi nilikuwa nikingoja wako."

Wiki iliyofuata wanawake kumi na saba wa Kibokoni walikwenda Ganjoni, nyuso wazi, na kila mmoja alitaja jina la mgonjwa wake na maradhi yake mbele ya ule ukuta wa kioo. Bi Kanze hawakumkuta. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa kuvunja jokofu. Bwana Samuel aliwapokea kwa chai. Aliwapa pole. Aliwapa fomu ya malalamiko. Kuhusu nyumba alisikitika: ilikuwa imekodishwa kwa tajiri anayeifanya hoteli ya watalii, na mafundi walikuwa wamekwisha kuyaziba mawikio kwa mawe.

"Lakini msikate tamaa, mama zangu," aliongeza, akimfungulia Nabiha jokofu jipya alione kwa macho yake, limejaa vichupa hadi mlangoni. "Hakuna kilichopungua. Dawa ipo. Wauguzi wapo. Hata gari lipo."

Nabiha alivitazama vile vichupa, safu kwa safu, vimetulia katika baridi yao. "Naam, bwana," alisema. "Vyote vipo. Vipo huku. Mwanangu alikuwa kule."

Bwana Samuel alilifunga jokofu taratibu. Wale kumi na saba walirudi kwa miguu, kila mmoja akipiga hesabu ya hatua kutoka pale hadi kitandani kwa mgonjwa wake. Walihesabu mpaka hesabu ikawashinda, nao hawakuhitaji mzee wala mwalimu wa kuwaambia kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.