Hazina Aliyoifunga Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na kompyuta zao na binadamu hajui hata kuziwasha, palikuwa na kijiji kimoja kando ya mto. Alikaa Nyati na wanawe, alikaa Ngiri, alikaa Bi Kobe, na alikaa mnyama mmoja mwembamba, mwepesi kama moshi, jina lake Nguchiro.

Nguchiro alikuwa yatima. Mama yake aliumwa na nyoka akafa, yeye akiwa hajafumbua hata macho. Bi Kobe ndiye aliyemlea.

"Bibi, mama alikuwa na sauti gani?" Nguchiro hakuchoka kuuliza.

"Loo, mjukuu wangu! Mimi nitaielezaje sauti? Lakini ipo. Imo Hazinani."

Hazina ni nini? Sikilizeni. Wanyama walichanga asali na mikeka wakapata kompyuta ya kijiji yenye diski kubwa. Diski wakaigawa mara mbili, kama nyumba inavyogawanywa kwa ukuta. Sehemu moja wakaiachia Linuksi, huo mfumo unaoiendesha kompyuta. Sehemu ya pili wakaiita Hazina, wakahifadhi humo sauti za wazee wao, nyimbo na wosia, hata vicheko. Mnyama akifa, sauti yake ibaki.

Kiboko akachaguliwa kuwa Mkuu wa Kompyuta. Kwa nini yeye? Kwa sababu akikaa mlangoni, hakuna wa kumsukuma. Naye akaipachika Hazina, yaani akaiunganisha na kompyuta, kwa jina la Mkuu, na nywila ya Mkuu, neno la siri la kuingilia, akaijua peke yake. Tangu hapo mnyama mwingine yeyote akiingia kwa jina lake na kuigusa Hazina, kompyuta hulia tii! na kuandika: HUNA RUHUSA.

Nguchiro alijaribu. Tii! Akajaribu tena. Tii! Akaenda mtoni alikolala Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Unataka nini, we kijiti?"

"Naomba kuisikia sauti ya mama yangu. Mara moja tu."

Kiboko akapiga mwayo, aaaah! "Nikiwafungulia mtaharibu."

"Basi fungua wewe, nisikilize, kisha ufunge."

"Nina kazi nyingi."

"Kazi gani, Bwana, nawe umelala matopeni?"

"Ebo! Toka hapa!" Kiboko akapiga tope kwa mguu, pwaa! likamtapakaa Nguchiro tangu masikio hadi mkia.

Nguchiro akarudi nyumbani akijipangusa. Hakulia. Siku nyingi alikuwa akichungulia dirishani Kiboko anapofanya kazi, na mambo ya kompyuta alishayajua. Kilichokosekana ni mkono wa Mkuu. "Na mkono wake," akawaza, "utavutwa na majivuno yake."

Siku ya mkutano wanyama wote walijaa nyumbani kwa Kiboko, ilimowekwa kompyuta. Nguchiro akapaza sauti. "Jamani, nimesikia neno baya! Wanasema Kiboko si lolote. Nguvu zote ni za lile jina la Mkuu. Ati akilivua, yeye na Ngiri ni sawa!"

"Sawa na mimi? Khe khe khe!" Ngiri akacheka.

"Nani kasema?" Kiboko akanguruma.

"Maneno ya mtaani, Bwana. Mimi nikawajibu, Kiboko ni Kiboko hata kwa jina lake mwenyewe. Waonyeshe basi! Ingia kama Kiboko, ufungue Hazina."

Kiboko akajibwaga kitini, kwii! Akaandika jina lake. Akaigusa Hazina.

Tii! HUNA RUHUSA.

Kisha Ngiri akaangua kicheko, na nyumba nzima ikamfuata.

"Imeharibika!" Kiboko akafoka. "Mashine imeharibika!"

"Haijaharibika, Bwana wangu," Nguchiro akasema kwa upole. "Haikujui tu. Dawa ipo. Unda kikundi, ukiite Wanakijiji. Hazina ikabidhi kwa kikundi hicho, wenye jina humo wasome na waandike. Jina lako litie humo. Nani atakucheka tena?"

Kiboko akakunja uso. "Kikundi cha nini? Si nitiwe mimi peke yangu?"

Nguchiro akasogea karibu. "Peke yako, Bwana? Utakuwa kiongozi wa nani? Watie na hawa, jina lako liwe juu yao. Wajue wako chini yako."

"Juu yao," Kiboko akarudia. Neno lilimkolea kama asali. "Haya, sema, niandike."

Akaingia kwa jina la Mkuu, akaandika kila alichoambiwa, ka! ka! ka!

"Na mstari mmoja kwenye faili linalosomwa kompyuta inapowaka," Nguchiro akaongeza, "ili ikizimwa na kuwashwa, Hazina ijipachike hivi hivi. Usije ukaaibika tena."

Kiboko akauandika na huo. Akaingia upya kwa jina lake. Hazina ikafunguka, lakini wenzake wakaona mgongo wake tu, umeziba kioo.

"Mmeona? Mmeona?" Akasimama, akatunisha kifua.

Kiti kilikuwa bado cha moto Nguchiro aliporukia juu yake, chwa! na kuandika jina lake.

"We! Shuka!" Kiboko akapiga kelele. Sasa ndipo alipokumbuka kilichomo.

Hazina ikafunguka. Hakuna tii.

"Kumbe ni sisi sote!" akasema Nyati. "Jamani, tumo!" Vigelegele vikarindima. Bi Kobe akajiburuta hadi mbele. "Tafuta, mjukuu wangu. Mtafute mama yako."

Nguchiro akatafuta. Akakuta picha ya Kiboko akioga. Picha ya Kiboko akipiga mwayo. Kiboko ubavu, Kiboko mgongo. Sauti ilikuwa moja tu. Akaigusa, wote wakatega masikio.

Khrrr... khrrr... Kiboko akikoroma.

"Bwana Kiboko," Nguchiro akauliza, "sauti za wazee ziko wapi?"

"Zile? Nilizifuta. Nafasi ilijaa."

"Lini?"

"Zamani. Wenyewe si walishakufa?"

"Na mimi nilipokuja mtoni kukuomba?"

"Uliomba kufunguliwa," akasema Kiboko. "Hukuuliza kama zipo."

Vigelegele vikakatika. Nyati akainamisha pembe, Ngiri akanoa meno, na kijiji kizima kikamkimbiza Kiboko mpaka mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo mchana hujificha majini, na hutoka kula usiku, macho ya watu yakishafumba.

Nguchiro hakwenda kumkimbiza. Alibaki kitini. Bi Kobe akakaa karibu yake.

"Mama yako alikuwa akiniita hivi," bibi akasema. "Weee Kobeee!" Sauti ikamkwaruza kooni. Akatikisa kichwa. "Hapana, sivyo. Weee Kobe!... Hapana."

"Acha, Bibi," Nguchiro akasema. "Acha tu."

Basi wanangu, funzo ni hili: mali ya wote ikifungiwa na mmoja, siku mtakayofunguliwa mlango mtakuta maganda.