Kitimbi na Mlango wa Nyuma wa Domokubwa

— Nawapa kisa!
— Tupe na chumvi yake!
— Nikizidisha?
— Tutakunywa maji!

Basi tulieni, maana kisa hiki hakijui mtu ila mimi, niliyeishia darasa la tano kwa kumchosha mwalimu.

Alikuwako Mama Pundamilia, ana mtoto wa wiki mbili. Akapatwa na kichomi. Akisimama, koho! Akilala, koho! Maziwa yakaanza kukauka, mtoto analia tu.

Ndani ya pafu lake alijikalia bakteria mmoja, Domokubwa, na ndugu zake. Wanakula na kunenepa, wanakula na kuzaa. Daktari Korongo akampa mgonjwa antibiotiki. Dawa ikimwingia Domokubwa, anaitupa nje kwa mlango wa nyuma: pu! Ikija nyingine: pu!

"Leteni tena!" anacheka. "Wenzenu tuna mlango!"

Daktari akajikuna shingo, na shingo yenyewe ndefu. "Mama, kuna jaribio. Vidonge utaendelea navyo, ila utavuta na mvuke. Wengine mvuke wao ni maji ya chumvi tu. Wengine, mvuke wao una Kitimbi, kirusi kinachokula bakteria. Nani kapata upi, hata mimi nimefichwa. Ukikataa, sikulaumu."

"Sasa daktari, nikipona nimshukuru nani?"

"Pona kwanza, mama."

Akavuta. Fyuuu! Kitimbi huyo, miguu kama ya buibui, akatua kwenye mlango wa nyuma wa ndugu mmoja wa Domokubwa. Ngo ngo ngo!

"Nani?"

"Mimi, mjomba. Shikamoo! Napita kusalimia."

Akafunguliwa. Akaingia, akazaa mia humo humo. Ndugu akapasuka: pwaa! Vitimbi mia wakaenda kwa Domokubwa. Ngo ngo ngo!

"Shikamoo, mjomba!"

"Mjomba wenu nani? Hamwingii ng'o!" Domokubwa akauziba mlango wa nyuma, akaushindilia, tii! "Haya, piteni sasa!"

Vitimbi wakacheka huko nje. "Ahsante, mjomba. Tulikuwa tunaomba hilo hilo."

Dawa ya jioni ikaja. Domokubwa akataka kuitupa: ukuta. Akageuka: ukuta. Akalia, "Jamani, nifungulieni!" Pwaa!

Siku ya tano Mama Pundamilia akavuta pumzi, ikaingia yote. Maziwa yakarudi. Mtoto akanyonya mpaka akasinzia na chuchu mdomoni.

Jaribio lilipokwisha, Daktari Korongo akafungua bahasha ya siri ya nani kapata upi, akasoma: Kitimbi.

Mama akainamia kifua chake. "Ahsante, mwanangu. Toka basi nikuone."

Kitimbi hakai pasipo chakula, alishajiendea zake. Mama akafuta machozi, akamtazama mtoto wake aliyekuwa bado hana jina, akamwita Kitimbi.

Funzo: usiyemjua akibisha hodi, ziba mlango upesi. Domokubwa aliziba, na tazameni alivyopumzika.

— Kisa kimeisha, anayekohoa akakohoe kwake!
— Chumvi imezidi!
— Maji yamo mtungini.