Makamanda Wawili wa Kiangazini

Hebu niambie, wewe uliyekunja nne hapo: umewahi kuwapigia saluti watu wawili kwa mkono mmoja?

Sajini Zawena amewahi. Hapo zamani, wala si zamani sana, zama hizi hizi za digrii kupigwa vumbi ukutani, mji wa Kiangazini ulikuwa na kiti kimoja cha kamanda wa polisi na makalio manne juu yake.

Kamanda Mghoi aliwekwa na madiwani, maana sheria ndogo ya mji ilisema kamanda huteuliwa na baraza. Kamanda Bungala aliletwa na waziri, maana sheria ya nchi ilisema kamanda huteuliwa na serikali kuu. Kila asubuhi Zawena, mshika funguo za mahabusu, alipiga saluti kulia, akapiga saluti kushoto, akasaga meno.

Jumatatu moja akawemo ndani Tindo, graduate wa uhandisi, my dear, aliyekamatwa akiuza mayai ya kuchemsha bila kibali. Hakimu alishaagiza aachiwe. Ilibaki saini ya kamanda tu. Na saa nne Tindo alikuwa na interview, ya kwanza kwa miaka sita.

"Mama Sajini, please! Saa tatu na robo hii!"

Zawena akapeleka fomu. Mghoi akasaini. Bungala akaikata kwa kalamu nyekundu.

"Tangu lini sheria ndogo ikapanda juu ya sheria ya nchi?"

"Basi saini wewe, Afande," Zawena akasema.

Bungala akasaini. Mghoi akaikata.

"Mimi nimewekwa na watu wa mji huu. Wewe umeshuka hapa na barua. Hata choo cha kituo hujui kilipo!"

"Nitakijua, na nitakukuta humo na hiyo sheria yako ndogo."

Fomu ya tatu, ikakatwa. Fomu ya nne, ikakatwa. Wote wawili walitaka kijana aachiwe, ila kila mmoja alitaka aachiwe na yeye. Nonsense tupu!

Saa tatu na nusu Zawena akaitazama saa, akawatazama wale wakubwa wakinyang'anyana kalamu, akaenda akafungua mlango. Tindo akatoka mbio, shati limechomekwa upande mmoja. Nyuma yake akachomoka mwizi wa nyaya za umeme, ambaye hakuna hakimu aliyemwachia.

Tindo akapata kazi. Mwizi naye akarudi kazini: wiki hiyo hiyo akakata nyaya za zahanati, akina mama wakajifungua kwa mwanga wa tochi. Zawena akavuliwa tepe.

Watu wa mji wakakutana, wakauliza kiti apewe nani.

Mghoi akasema, "Mimi nilisaini kwanza, na ninyi ndio mlioniweka."

Bungala akasema, "Mimi nilisaini kihalali. Leo mkiikanyaga sheria ya nchi, kesho kila mtaa utajitungia yake."

Zawena akasema, "Mimi nilifungua. Sikutazama nyuma, hilo kosa ni langu. Lakini nilifungua."

Je, nani alistahili kiti? Na tochi zile za wazazi, tumdai nani?

Nanyi madiwani, nawe mheshimiwa waziri, msituletee barua nyingine. Ingieni chumba kimoja leo hii, mtoke na sheria moja na saini moja. Mahabusu kuna mtu mwingine, anagonga mlango.